Papa au mamba? Ulinganisho wa mahali pa kuogelea kwa sisi tunaoishi Moshi na Arusha

Mwezi uliopita wazazi wa vijana ninaowafundisha kuogelea hapa Moshi walikutana kupanga safari ya likizo ya Desemba. Mapendekezo yalikuwa manne: kwenda baharini Pangani, kwenda Ziwa Chala upande wa Rombo, kwenda Bwawa la Nyumba ya Mungu, au kubaki karibu na kwenda kwenye chemchemi za Chemka. Mama mmoja kutoka Kibosho, ambaye binti yake ni miongoni mwa waogeleaji wangu hodari, alisimama akasema, "Mwalimu, tupeleke kokote unakotaka, lakini baharini hapana. Sitaki mwanangu aliwe na papa." Wazazi wengi walitikisa vichwa kukubaliana naye, na kabla kikao hakijafungwa Pangani ilikuwa imekwisha kufutwa, huku Nyumba ya Mungu ikiongoza kwa kuwa ni karibu na nauli yake ni ndogo.

Niliondoka pale nikiwa na wasiwasi. Mama yule alikuwa na haki kamili ya kumwogopea mtoto wake, lakini hofu yake ilikuwa inatuhamisha kutoka kwenye maji yenye hatari ndogo na kutupeleka kwenye maji yenye hatari kubwa zaidi, bila mtu yeyote kuliona hilo. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazazi na vijana wengine wa huku kwetu ambao bahari wanaiona mara moja baada ya miaka kadhaa, na ambao papa wanayemjua ni yule wa kwenye televisheni.

Kwanza nikumbushe jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunapochagua. Chemka, Nyumba ya Mungu na Pangani ni maji ya mto mmoja. Chemchemi za Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, humwaga maji yake katika mto Kikuletwa, ambao hukusanya maji ya Meru na ya upande wa kusini wa Kilimanjaro. Kikuletwa hukutana na mto Ruvu katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Na kutoka bwawani mto huendelea kwa jina la Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo tunachochagua hasa ni sehemu gani ya mto huo tuingie, na kila sehemu ina mnyama wake na kina chake.

Papa ana hatari kiasi gani

Papa wapo katika pwani yetu, na asiwepo mtu wa kumdanganya mzazi kwamba hawapo. Ukifika dikoni Pangani asubuhi wavuvi wanaporudi, utawaona wamelazwa juu ya mchanga, wengi wao wadogo wasiozidi urefu wa mkono wa mtu mzima, na ukimpapasa mmoja kutoka mkiani kuelekea kichwani utahisi ngozi inayokwaruza kama msasa. Watu wa pwani wamemla papa tangu enzi za mababu, akiwa mbichi au akiwa ng'onda, na mafuta ya ini lake, yanayoitwa sifa, yamepakwa kwenye majahazi kwa vizazi vingi ili mbao zisioze. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha nani amekuwa akimla mwenzake zaidi katika uhusiano huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa, wale samaki bapa wenye mkia mrefu, wa bahari kuu duniani wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, na sababu kubwa ni uvuvi.

Katika aina zaidi ya 500 za papa, tatu ndizo zinazohusika na sehemu kubwa ya mashambulizi yanayoua watu: papa mweupe mkubwa, papa mwenye milia kama chui milia, na papa fahali. Huyu wa tatu ndiye anayetuhusu zaidi, kwa sababu hupenda maji ya kina kifupi yaliyochafuka kwa tope, na anaweza kuishi katika maji baridi pia, yaani yasiyo na chumvi. Kusini mwa Afrika anajulikana kama papa wa Zambezi kwa kuwa ameonekana mbali sana ndani ya mto huo.

Kumbukumbu za mashambulizi ya papa duniani hutunzwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Florida, nchini Marekani. Mwaka 2023 walithibitisha matukio 69 ambayo mtu aliumwa bila kumchokoza papa, na watu 10 walikufa katika matukio hayo. Mwaka 2024 matukio yalikuwa 47 na vifo 4. Hiyo ni dunia nzima, bahari zote, pamoja na Florida na Australia ambako mamilioni ya watu huingia majini kila mwaka. Pwani ya Tanzania nayo imewahi kupata matukio, lakini ni machache kiasi kwamba mvuvi mzee anaweza kupitisha maisha yake yote majini bila kulishuhudia hata moja.

Sasa ziweke takwimu hizo kando ya nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ukigawanya kwa saa za mwaka, utaona kwamba idadi ya wanaozama katika saa mbili tu inalingana na idadi ya wanaoumwa na papa katika mwaka mzima, na wengi wa hao wanaoumwa hupona. Mtu makini atasema, na atasema kweli, kwamba hesabu hii haitoshi, kwa kuwa watu wengi zaidi hukaribia mito, visima na mabwawa kuliko wanaoingia baharini, na kwamba anayeishi Moshi hana hatari yoyote ya papa mpaka siku atakayokanyaga maji ya chumvi. Ndiyo maana nitalinganisha saa moja ya mtoto katika maji fulani na saa moja ya mtoto huyo huyo katika maji mengine. Hapo ndipo uchaguzi wetu ulipo.

Papa wa Pangani na mamba wa huku juu

Nyumba ya Mungu iko kama kilomita 50 kusini mwa Moshi. Wengi wetu tunaijua kwa perege wake, ambao akina mama huwauza sokoni wakiwa wamekaushwa na kupangwa kwenye matenga. Ni mahali pazuri pa kutazama ndege na machweo. Lakini ni bwawa lenye mamba na viboko, na maji yake ni ya rangi ya udongo, kiasi kwamba mtu akiingia mpaka kiunoni hawezi kuona magoti yake mwenyewe.

Hapa ndipo tofauti kati ya papa na mamba inapokuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Papa, kwa kawaida, hamhesabu binadamu kuwa chakula chake. Mara nyingi anapouma huwa amekosea katika maji machafu, au amevutwa na damu na mabaki ya samaki, na baada ya kuuma mara moja huachia na kuondoka. Madhara yake huwa makubwa kwa sababu ya damu inayopotea, na ndiyo maana kukandamiza jeraha kwa nguvu na bila kuachia huokoa maisha. Mamba wa Nile humwinda mtu kama anavyomwinda swala. Hulala kimya kwenye ukingo ule ule ambao watu huchota maji na kuvulia, hujifunza kwamba watu huja hapo kila siku saa fulani, na akishakamata haachii. Humvuta mtu chini na kujigeuza naye. Kila mwaka mamba huua watu wengi barani Afrika kuliko papa wanavyoua duniani kote. Na mahali hasa anapoua ni pale ambapo mzazi hudhani mtoto yuko salama, yaani kwenye maji ya magoti, hatua mbili kutoka nchi kavu.

Ziwa Chala lina sura nyingine kabisa, na sura hiyo ndiyo inayodanganya. Ni ziwa la kreta katika mpaka wetu na Kenya, maji yake ni ya buluu iliyokolea, safi, yakilishwa na maji yanayopenya chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Ukisimama juu ya ukingo ukatazama chini, unaona kama bwawa la kuogelea lililotengenezwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 2002 kijana kutoka Uingereza, mwenye umri wa miaka 18, aliyekuja Kenya kufanya kazi ya kujitolea, aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea humo na wenzake. Ninawaambia vijana wangu habari hiyo kila mwaka, bila kuipunguza, kwa sababu kila mwaka kuna anayerudi kutoka huko akisema maji yalikuwa matamu na hakuona mamba hata mmoja. Kutomwona mamba si ushahidi wa chochote, maana kujificha ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo mama wa Kibosho aliposema baharini hapana, alikuwa amemkimbia mnyama ambaye kwa kawaida humpita mtu pembeni, akaelekea kwa mnyama anayemsubiri. Katika suala la wanyama peke yake, nikiambiwa niweke mtoto kwa saa moja ndani ya mwamba wa matumbawe Pangani, yaani katika maji yaliyo kati ya mwamba na ufukwe, mchana, au kwa saa moja kwenye ukingo wa Nyumba ya Mungu, sihitaji hata dakika moja ya kufikiri.

Lakini Pangani yenyewe si moja. Mlango wa mto, pale kivuko kinapovuka kati ya mji na Bweni, si mahali pa kuogelea. Maji ni ya tope, yana mkondo mkali, wavuvi huosha samaki na kutupa matumbo humo, na hiyo ni sura ile ile inayompendeza papa fahali, ukiacha mamba ambao mto huweza kuwashusha kutoka juu. Ukitoka hapo ukaenda kwenye fukwe za Ushongo kusini, au ukapanda mashua mpaka kisiwa cha mchanga cha Maziwe, ambacho ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, unakuta maji safi yanayoona jua mpaka chini, na mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi na kuzuia viumbe wakubwa wa kilindini. Kisiwa cha Réunion, ambacho kiko katika bahari hii hii ya Hindi, kilianza kupata mashambulizi mengi mwaka 2011, na mwaka 2013 serikali ilipiga marufuku kuogelea na kuteleza kwenye mawimbi katika sehemu kubwa ya pwani, isipokuwa ndani ya mwamba na katika maeneo yenye ulinzi. Hata huko waliokuwa ndani ya mwamba waliruhusiwa kuendelea. Ndiyo maana naona kumuuliza mtu "baharini kuna papa?" hakusaidii sana. Muulize ni sehemu gani ya bahari, saa ngapi, na maji ya rangi gani.

Maji yenyewe

Nikimaliza habari za wanyama, nafikia jambo ambalo mimi kama mwalimu linaninyima usingizi zaidi. Vijana wetu wengi wa Moshi na Arusha wamekua bila maji ya kuogelea. Mtoto wa Pangani hujifunza kuelea kabla hajaanza shule. Mtoto wa Machame au wa Ngaramtoni anaweza kufika chuo kikuu bila kuwahi kuingiza kichwa majini. Huyu akipelekwa popote, hatari yake ya kwanza ni kuzama, na papa na mamba wote wanakuja nyuma ya hilo.

Chala, kwa mtu asiyejua kuogelea vizuri, ni mbaya kuliko maji mengine yote katika orodha yetu, hata kama leo hii mamba wote wangetolewa. Kuta za kreta zinaingia majini kwa mteremko mkali, kina chake kinazidi mita 90, na hakuna mahali pa kusimama. Ukichoka hatua tano kutoka ukingoni, umechoka kwenye kilindi. Ni mbali na hospitali, na njia ya kupanda kutoka majini mpaka juu humtoa jasho hata mtu asiyebeba mgonjwa.

Bahari ndani ya mwamba ina faida mbili. Kina hupungua taratibu, na maji ya chumvi humwelesha mtu zaidi kuliko maji baridi. Wanafunzi wangu hushangaa kila mara wanapogundua kwamba miguu iliyokuwa ikizama bwawani sasa inainuka yenyewe. Lakini bahari husogea, na hili halina mfano wake hapa bara. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 katika pwani yetu, maana yake ni kwamba mahali ulipokuwa umesimama saa nne asubuhi maji yakiwa magotini, saa nane yanaweza kuwa yamekupita kichwa.

Nilijifunza hili kwa mwili wangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naogelea karibu na pengo la mwamba wakati maji yanapwa, na sikujua kwamba maji yote yaliyo ndani ya mwamba hutokea kwenye mapengo hayo kama maji ya beseni yanavyotokea kwenye tundu. Nilikuwa nimeelekea ufukweni, napiga mikono kwa nguvu zote, na minazi niliyokuwa naitazama ilikuwa inazidi kuwa midogo. Mvuvi mmoja aliyekuwa kwenye ngalawa alinipigia kelele, "Kata ubavuni! Usishindane nayo!" Nikageuka, nikaogelea sambamba na ufukwe, na baada ya kitambo mkondo ukaniachia. Siku hiyo hapakuwa na papa. Nilikuwa nusura nife katika maji safi, mchana kweupe, huku nikijua kuogelea.

Kwa hiyo anayechagua bahari na achague pamoja na mwenyeji. Mwenyeji atakuambia kama ni bamvua au maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, kama kusi, upepo wa kusini, imeanza kuvuma, na mapengo ya mwamba yako wapi. Pia atakuonya kuhusu yavuyavu wanaochoma ngozi na taa waliojifukia mchangani, ambao huwaumiza wageni mara nyingi zaidi kuliko papa. Mtu anayetembea kwa kuburuta nyayo badala ya kuzinyanyua humshtua taa mapema na kumpa nafasi ya kuondoka.

Chemka ni nafuu katika hili, ingawa si kamilifu. Maji yake ni ya vuguvugu, yamezungukwa na mikuyu ambayo mizizi yake imeshuka mpaka chini ya maji, na ni angavu kiasi kwamba unaona visamaki vidogo vinavyokuja kudonoa vidole vyako vya miguu. Uangavu huo hufanya kina kionekane kifupi kuliko kilivyo, na mtoto huruka akidhani atasimama. Mizizi na mawe yana utelezi, na kamba ya kubembea huvuta vijana kushindana bila kuangalia nani yuko chini. Siku za Jumapili watu hujaa, muziki hupigwa, na katika umati kama huo mtoto huzama bila sauti, kwa sababu anayezama kweli hapigi kelele. Mdomo wake uko chini ya maji. Ukienda Chemka, nenda siku ya katikati ya wiki, baki ndani ya chemchemi yenyewe, na usiruhusu mtu kufuata kijito kuteremka kuelekea mtoni.

Kichocho nitakitaja kwa ufupi kwa kuwa ni rahisi kukipima. Hakipo katika maji ya chumvi kabisa. Kipo katika maji baridi yaliyotulia au yanayokwenda polepole penye konokono wanaokibeba, kama vile kingo za mabwawa zenye majani na mifereji ya umwagiliaji. Nyumba ya Mungu inapoteza alama hapa pia. Kuna dawa, prazikwanteli, lakini ni afadhali mtoto asiihitaji.

Kila mchezo na hatari yake

Mpaka sasa nimesema kana kwamba wote tunakwenda kuogelea tu, wakati vijana wa Arusha wanaofanya kazi za utalii wananiuliza mara kwa mara kuhusu michezo mingine.

Wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao na wanaoogelea ndio wanaojaza sehemu kubwa ya kumbukumbu za kuumwa na papa, kwa sababu wako juu ya maji, wanapiga maji kwa mikono na miguu, na hawaoni kilicho chini yao. Anayezamia kwa mtungi wa hewa yuko chini, ametulia, anaona pande zote, na huumwa kwa nadra sana. Anayevua kwa kuchoma samaki kwa mkuki huku samaki wanaotoka damu wakining'inia kiunoni mwake ndiye anayemwalika papa kwa jina. Mchezo wa kaiti, yaani kuteleza majini kwa ubao huku ukivutwa na tiara kubwa, ambao vijana wengi huufuata Paje upande wa mashariki wa Unguja wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, hufanyika katika maji mafupi ndani ya mwamba, na majeraha yake hutokana na upepo, kamba na kugongana.

Kuna na papa mmoja ambaye ningependa kila kijana wa Kilimanjaro amwone kabla hajazeeka. Huko Mafia, karibu na Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi, hufika papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kuzidi urefu wa mita 10, mwenye madoa meupe mgongoni kama kanga. Chakula chake ni viumbe vidogo vinavyoelea majini, ambavyo huvichuja kwa mdomo ulio wazi. Mtu huogelea kando yake bila kumgusa na bila kumzibia njia. Kwa anayemwogopa papa kwa jina lake tu, hiyo ni safari inayoponya, ingawa gharama yake kutoka huku kwetu ni kubwa.

Kuna hatari moja ya uzamiaji ambayo inatuhusu sisi watu wa mlimani kuliko mtu mwingine yeyote, na sijaisikia ikizungumzwa inavyostahili. Anayezamia kwa mtungi hujaza mwili wake naitrojeni iliyobanwa na uzito wa maji, na gesi hiyo huhitaji muda kutoka polepole. Akipanda mahali pa juu mapema mno, ambako hewa ni nyepesi, gesi hujitenga na kuwa mapovu ndani ya mishipa na viungo, kama soda inavyofoka inapofunguliwa. Ushauri wa wataalamu wa uzamiaji ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuzamia akarudi nyumbani kwake ufukweni. Mtu wa Arusha, aliyezamia Unguja asubuhi, anapanda ndege ya jioni kuja KIA, kisha analala kwenye mji ulio mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hata anayerudi kwa gari anapanda. Na wageni wetu wanaotaka mlima na bahari katika safari moja waanze na Kilimanjaro, wamalizie baharini, wala wasigeuze mpangilio huo.

Kwa wasiotaka kulowa, Arusha ina mtumbwi wa Ziwa Duluti pale Tengeru, ndani ya msitu wa hifadhi, na mtumbwi wa Momella Ndogo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako mhifadhi huongozana nawe kwa sababu ya viboko. Vyote viwili ni vya kupiga kasia ukiwa umevaa jaketi la kuokolea, na kuogelea humo kusiingie hata katika mazungumzo.

Nilichowaambia wazazi

Nilirudi kwenye kikao cha pili nikiwa na karatasi hii, na nikasema wazi ninachokipendelea. Nyumba ya Mungu na Chala viondolewe kwenye orodha ya mahali pa kuogelea. Tukienda huko, twende kutazama na kula perege. Watoto ambao hawawezi kuelea kwa dakika tano bila kushika chochote wabaki kwenye bwawa la hoteli hapa Moshi mpaka Desemba, kila mmoja akiwa na mtu mzima anayemtazama yeye tu, maana maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mtoto wa miaka minne anaweza kuzama katika maji yanayomfikia mama yake kwenye goti. Wale wa katikati waende Chemka siku ya kawaida, katika makundi madogo. Walioiva waende Pangani.

Kwa hao wa Pangani niliweka masharti. Tutaingia majini kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, si alfajiri wala magharibi, ambayo ndiyo mida ya papa kutafuta chakula. Hatutaingia kama mvua imenyesha na maji yamekuwa ya udongo. Hatutakaribia mlango wa mto wala mahali wavuvi wanaposafisha samaki. Vikuku na mikufu inayong'aa itabaki mkobani, na mwenye jeraha linalotoa damu ataketi ufukweni. Hakuna atakayeogelea peke yake, na mwenyeji mwenye mashua atakuwa nasi muda wote. Niliongeza sharti moja ambalo halihusu maji: basi litasafiri mchana, mikanda itafungwa, na dereva atapumzika Mombo, kwa sababu kutoka hapa mpaka Tanga ni karibu kilomita 350, na katika safari yote hakuna sehemu inayonitia hofu kuliko hiyo barabara.

Mama wa Kibosho alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, ambalo naona ndilo swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa: "Mwalimu, huyu wangu anaweza kuelea dakika ngapi?" Nikamjibu kwamba mara ya mwisho nilimpima zikafika kumi na mbili, katika maji baridi, na ananiomba kila wiki nimpime tena. Akatoa kalamu kwenye pochi, akaliandika jina la binti yake kwenye orodha ya Pangani, na chini yake akaliandika la kwake, kwa ajili ya kukaa ufukweni na kuhesabu vichwa.